Walisema Nimepona. Hakuna Aliyeuliza Kuhusu Kichwa

Kila nikipost video, lazima mtu mmoja aje kwa komenti aandike: "Rudi chuo kwanza." Nishazoea. Wengine ni wasee tulisoma nao, wengine hata hawanijui. Sijawahi kuwajibu vizuri juu jibu ni refu na sekunde sitini hazitoshi. Leo naandika. Kaa chini, hii haitamaliza bando lako, ni maneno tu.

Naanza na mpwa wangu.

Ana miaka mitano. Mvua za mwaka huu zilipoisha, malaria ilimshika vibaya. Homa siku mbili, degedege usiku, na asubuhi mkojo wake ukawa rangi ya Coke. Dada yangu alimbeba kwa boda hadi barabarani, wakapata Probox, wakafika hospitali. Alilazwa siku kumi na moja. Mungu ni mwema, mtoto alirudi nyumbani akitembea kwa miguu yake, na mbuzi akachinjwa. Mimi nilikuwa Lodwar. Dada akanitumia picha ya karatasi ya kuruhusiwa, ile unapewa ukitoka wodini, kwa sababu kwetu mimi ndiye "msomi," hata kama chuo sikumaliza.

Nilisoma hiyo karatasi mara tatu. Malaria kali. Upungufu wa damu. Figo kuumia ghafla. Kreatinini ya siku aliyofika, kreatinini ya siku aliyotoka. Chini kabisa: hali nzuri, aruhusiwe kwenda nyumbani. Halafu mahali pa kuandika tarehe ya kurudi, pametupu.

Nilikaa na simu mkononi kama robo saa. Hiyo karatasi ingeweza kuwa yangu. Badilisha jina, badilisha mwaka, basi.

Mimi ni wa Kataboi. Kama hujui Kataboi, toka Lodwar, pita Kalokol, halafu endelea kaskazini ukiwa na ziwa mkono wako wa kulia. Mwaka 2008 nilikuwa na miaka sita. Yaliyotokea nayakumbuka vipande vipande, mengine nilisimuliwa na ata, nyanya yangu. Homa. Kutetemeka. Mkojo mweusi. Lori lililobeba samaki wa kukaushwa, mimi nimelazwa juu ya magunia, ata amenishika kichwa ili kisigonge mbao. Hospitali sitaitaja, na sina kesi nao, waliniokoa. Walinitundikia dripu ya kwinini, mjomba akatoa damu. Lakini kwa siku tatu sikukojoa hata tone. Nikavimba uso, nikavimba miguu. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa mbali huko kusini, na hata nauli ya kufika huko hatukuwa nayo.

Ata aliweka kopo tupu la Kimbo chini ya kitanda. Kila nesi akipita, anaangalia kopo. Ata anaangalia kopo. Siku ya nne nikakojoa kidogo, na ata alipiga kelele wodi nzima ikadhani nimekufa. Ilikuwa furaha. Mpaka leo kwetu hadithi hiyo inachekesha: mtoto aliyeshangiliwa kwa kukojoa.

Tukarudi nyumbani na neno moja: amepona.

Na kweli nilipona. Nilikimbia, niliogelea, nilikula. Lakini kuna kitu kilikuwa kimebadilika, na waliokiona kwanza ni watu wa nyumbani. Kabla ya ugonjwa, babu alikuwa ananituma kuhesabu mbuzi jioni na sikukosea. Baada ya ugonjwa, nilitumwa dukani kununua sukari na kiberiti, narudi na kiberiti. Siku nyingine narudi mikono mitupu, nimesimama tu mlangoni nikijaribu kukumbuka nilitumwa nini. Wazee walisema ugonjwa umeniacha na upepo kichwani. Emuron akaitwa, mbuzi mwingine akaenda. Sicheki mtu hapo. Angalau emuron aliuliza kuhusu kichwa changu. Ndiye peke yake aliyeuliza.

Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu akiandika ubaoni, nasoma vizuri kabisa. Nikiinamisha kichwa niandike kwa daftari, sentensi imeshapotea. Nainua tena, nasoma tena, inapotea tena. Wenzangu wamemaliza, mimi niko mstari wa pili. Viboko nilikula vingi. Darasa la tatu nilirudia. Wakaniita Netiweki, juu napotea narudi, napotea narudi. Nilicheka nao. Mtoto afanye nini?

Kitu kimoja tu kilinibeba: kusimulia. Ukiniambia hadithi usiku, kesho nakurudishia yote na madoido juu. Rafiki yangu mmoja wa sekondari aligundua hilo. Akawa ananisomea notisi kwa sauti kama hadithi, kila jioni, miaka miwili. Hivyo ndivyo nilipata alama za kuingia chuo. Hiyo C+ ni yetu sote wawili.

Chuo, rafiki hakuwepo. Ukumbi wa watu mia mbili, mhadhiri anapitisha slaidi haraka kama anakimbizwa, kazi tatu za kuwasilisha wiki moja. Mwaka wa pili nilikosa mitihani miwili. Mmoja niliukosa kwa sababu nilisahau siku, na nilikuwa nimeiandika ukutani. Niambie ni nani atakuamini ukisema hivyo. Nilifunga begi nikarudi Turkana. Deni la HELB bado liko pale linanisubiri.

Sasa nisikilize vizuri. Siwezi kukuambia kwamba figo ndizo zilinitoa chuo. Kulikuwa na karo. Kulikuwa na siku za kulala njaa. Kulikuwa na wikendi ambazo mimi mwenyewe nilichezea, na hizo ni zangu, sitasingizia malaria. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kupima. Toka nilipotoka ile wodi na miaka sita hadi leo nina ishirini na tatu, hakuna aliyenipima kumbukumbu, wala presha, wala kreatinini, hadi nilipojilipia mwenyewe mwaka jana. Kwa hivyo sijui, na sitajua. Hasira yangu iko hapo.

"Lakini wewe, figo na kichwa wapi na wapi?" Hata mimi niliuliza hivyo.

Figo kazi yake ni kuchuja damu. Taka zinatoka na mkojo, maji na chumvi vinabaki kwa kipimo. Zikisimama, taka zinabaki kwenye damu, na hiyo damu ndiyo inapanda kichwani. Ndiyo maana mtu ambaye figo zimekwama anaanza kuchanganyikiwa, analala hovyo, anapata degedege. Presha nayo ikipanda, mishipa midogo ya ubongo inaumia. Chumvi ya mwilini ikivurugika, ubongo unavurugika nayo.

Kwa malaria kali kuna la ziada. Chembe nyekundu za damu zenye vijidudu zinanata kwenye mishipa midogo sana, ya figo na ya ubongo pia. Zingine zinapasuka, na rangi ile nyekundu ya ndani inamwagika kwenye damu. Ndiyo unaona mkojo mweusi. Hiyo rangi ikiwa nje ya chembe zake ni sumu kwa figo. Kwa hivyo ukiona mtoto anakojoa Coke, jua kitu kimepasuka huko ndani, na figo ndizo zinabeba mzigo. Na mtoto wa miaka mitano, ubongo wake bado unajengwa. Ukiangusha ukuta wakati fundi bado yuko juu ya ngazi, si sawa na kuuangusha nyumba ikiwa imekamilika.

Hii si nadharia yangu ya TikTok. Uganda, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti wa Makerere na wenzao kutoka Marekani walianza mwaka 2008 kusajili watoto wenye malaria kali, wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi miaka 12. Maze, 2008! Mwaka ule ule ata alikuwa anachungulia kopo la Kimbo. Waliwapima figo, halafu hawakuwaacha. Waliwaita warudi kwa miaka miwili, wakawapima akili: umakini, kumbukumbu, uwezo wa jumla wa kufikiri. Matokeo yalitoka 2019 kwenye jarida la BMC Medicine, mwandishi wa kwanza akiwa Andrea Conroy. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa ameumia figo. Na ukilinganisha watoto wote hao, ambao wote walikuwa na malaria kali, wale ambao figo ziliumia walikuwa na shida zaidi za neva wakati wa kutoka hospitali, na baadaye walifanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya akili. Mwaka mmoja baada ya kutoka, ugonjwa sugu wa figo ulionekana zaidi kwao pia.

Hao ni watoto wa rika langu. Walikuwa wanaugua nilipokuwa naugua. Tofauti ni kwamba wao waliitwa warudi.

Hapa kwetu Kenya pia tunajua sehemu ya hii hadithi. Watafiti wa KEMRI na Wellcome kule Kilifi wamefuatilia kwa miaka mingi watoto waliopata malaria ya ubongo, na karibu mmoja kati ya wanne alibaki na shida ya aina fulani: kuongea, kukumbuka, kifafa, tabia. Mmoja kati ya wanne! Chukua darasa la watoto arubaini waliopona malaria ya ubongo, kumi wanakaa pale wakiitwa wazembe.

Na si malaria peke yake. Mtoto akihara sana mpaka maji yaishe mwilini, figo zinaweza kufunga. Kakuma kipindupindu kimeshapita zaidi ya mara moja, mnajua. Kuna kuhara damu ambako sumu ya bakteria inashambulia damu, figo na ubongo kwa mpigo mmoja. Ujerumani mwaka 2011 bakteria wa namna hiyo waliingia kwenye mbegu zilizochipuzwa za saladi. Zaidi ya watu 800 figo zao zilishambuliwa, wengi wakichanganyikiwa na kupata degedege. Hao walipotoka hospitali, waliendelea kufuatiliwa, figo na neva. Walioumwa huko na mimi tuna figo za aina moja.

Kuna jambo huwa nalifikiria nikiwa njiani kuelekea kaskazini. Ukipita Kataboi ukiendelea kando ya ziwa, unafika Nariokotome. Hapo ndipo Kamoya Kimeu alipata mwaka 1984 mifupa ya yule kijana dunia nzima inamuita Turkana Boy, aliyekufa karibu miaka milioni 1.5 iliyopita. Wanasayansi wamepima kila mfupa wake. Wanajua ubongo wake ulikuwa na ujazo gani. Wamebishana hata kuhusu uti wa mgongo wake. Mimi napenda hiyo, najivunia. Lakini mtoto wa Turkana aliye hai, anayepumua, aliyetoka hospitali jana na figo zilizoumia, nani anapima kichwa chake?

Najua yatakayokuja kwa komenti, acha nijibu mapema.

La kwanza: "Hii ni excuse ya uvivu." Sawa. Chukulia mimi ni mvivu. Mpwa wangu wa miaka mitano naye ni mvivu? Yeye hajaanza hata kusoma. Ukimuita mtoto mvivu kabla ya kumpima, wewe ndiye unayekwepa kazi.

La pili lina uzito zaidi, na daktari mmoja niliyeongea naye aliniambia hivyo usoni: "Kijana, hapa tunapambana mtoto asife. Vitanda vimejaa, wafanyakazi wachache. Wewe unataka tupime kumbukumbu?" Namheshimu sana. Bila watu kama yeye nisingekuwa naandika. Na najua njaa, shule za mbali na upungufu wa damu pia vinaharibu akili za watoto, na huwezi kutenganisha kila kitu. Lakini sijaomba mashine ya mamilioni. Mjadala wetu wote, hasa tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni nani atalipia kitanda na nani atalipia kusafishwa damu. Ni sawa tuulize. Ila ni nadra kusikia mtu akiuliza kuhusu siku ya tisini baada ya kitanda. Miongozo ya kimataifa ya magonjwa ya figo, ile ya KDIGO ya mwaka 2012, inasema mtu aliyeumia figo ghafla akaguliwe tena baada ya miezi mitatu. Kukagua maana yake presha, mkojo kwa kile kijikaratasi cha kuchovya, na kreatinini kama maabara ipo. Viwili vya kwanza havihitaji hata umeme.

La tatu ni la wazazi, na hili linanigusa: "Ukiandika kwamba mtoto ana shida ya kichwa, umemharibia maisha. Atachekwa, atafichwa." Najua. Kwetu watoto hufichwa. Lakini mimi sikuandikwa popote, na bado nilichekwa, bado nilipewa jina. Jina litakuja tu. Afadhali lije na maelezo, na mwalimu ajue cha kufanya. Pia tukumbuke kitu: utafiti unaongea kuhusu wastani. Watoto wengi wanaoumia figo wanaendelea vizuri kabisa. Mpwa wangu anaweza kuwa rubani. Kumfuatilia hakumaanishi tumeshamhukumu. Tunamwangalia tu, kama unavyomwangalia mbuzi aliyevunjika mguu ukapona. Humfungi, lakini hukosi kumtazama akipanda mlima.

Basi mimi nataka nini? Mambo matatu, yote ya bei rahisi.

Moja, ile nafasi ya tarehe isikae tupu. Mtoto yeyote anayetoka wodini na neno figo kwenye karatasi yake aandikiwe siku ya kurudi, miezi mitatu mbele. Kataboi ni mbali, najua, basi aandikiwe kituo cha afya kilicho karibu naye. Mwaka 2023 serikali iligawa mikoba kwa CHP wapatao 100,000 nchi nzima, wale wahudumu wa afya wa vijijini, na ndani kuna mashine ya presha. Waongezewe mkanda mdogo wa mkono wa mtoto na vile vijikaratasi vya mkojo. CHP anajua kila boma, na familia ikihama na mifugo anajua imehamia wapi. Hakuna kompyuta Nairobi inayojua hilo.

Mbili, kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Kila nyumba kipo, hata kama kimeliwa na mchwa pembeni. Wazazi wanakitunza kama kitambulisho. Nesi aandike humo, kwa kalamu ya kawaida: mwaka fulani, malaria kali, figo ziliumia, alikaa siku kadhaa bila mkojo. Karatasi ya kuruhusiwa hupotea. Yangu ilifungiwa tumbaku ya babu, si mchezo. Kijitabu hakipotei kirahisi. Miaka kumi baadaye daktari yeyote akikifungua ataelewa kwa nini presha ya kijana wa miaka kumi na tano iko juu.

Tatu, shule. Mwalimu akisajili mtoto wa chekechea aulize swali moja tu: huyu mtoto ameshawahi kulazwa na degedege, malaria kali au figo? Kama jibu ni ndiyo na baadaye mtoto anahangaika, apelekwe EARC, vile vituo vya Wizara ya Elimu vinavyopima watoto wenye mahitaji maalum. KNEC inatoa muda wa ziada kwenye mtihani kwa watahiniwa wenye mahitaji yanayojulikana. Sikiliza hilo neno: yanayojulikana. Mimi mahitaji yangu hayakujulikana hata kwangu mwenyewe. Na kabla ya hayo yote, mwalimu anaweza kumkalisha mtoto mbele, kumpa agizo moja moja badala ya matatu kwa pamoja, kumwacha ajibu kwa mdomo. Yule rafiki yangu hakuwa na diploma ya ualimu. Alikuwa na sauti na subira, na alinifikisha chuo.

Na wewe unayesoma hii kwa simu, usidhani ni mambo ya wazee. Nyumbani kwenu wewe ndiye unasoma karatasi za hospitali, kama mimi. Kwa hivyo chukua haya:

Mtoto akiwa na homa, mkojo ukibadilika rangi kuwa chai ya rangi au Coke, au akimaliza nusu siku bila kukojoa, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi. Usingoje asubuhi.

Mtoto mwenye homa huku anahara au anatapika, usimpe Brufen ya dukani. Dawa za jamii hiyo zinabana damu inayoingia kwenye figo, na figo zikiwa zimekauka maji zinaweza kuumia. Uliza nesi kwanza.

Malaria isikudanganye eti Turkana ni jangwa. Kwa miaka mingi ramani zilituweka kwenye malaria ya msimu, lakini watafiti waliopima watu Turkana ya kati wamekuta maambukizi hata nje ya mvua. Neti si ya kuvulia samaki. Nimesema. Watu wa ziwani mnajua nawaongelea nani.

Mtoto akitoka wodini, uliza mdomo wako mwenyewe: figo zake zilikuwaje? Turudi lini? Piga picha karatasi, jitumie mwenyewe, weka mahali haitafutika.

Na ukiona kaka yako mdogo anatumwa vitu viwili anarudi na kimoja, kabla hujamcheka, kumbuka kama ashawahi kulazwa.

Nilimpigia dada yangu usiku ule. Sikujua nianzie wapi. Unamwambiaje mama ambaye mbuzi wa shukrani bado hajaisha kwenye sufuria kwamba kazi haijaisha? Nikaanza kwa mzaha wa kopo la Kimbo. Akacheka. Halafu nikamwambia: dada, unakumbuka vile nilikuwa narudi na kiberiti bila sukari?

Akanyamaza. Mtandao wa Kataboi huwa unakatika, nikafikiri simu imekatika.

Akasema, "Nilikuwa nakuchapa kwa hiyo sukari."

Nikamwambia hakuna neno, hukujua. Akaniuliza, kwa hivyo huyu naye? Nikamwambia sijui, hakuna anayejua, ndiyo maana lazima arudi. Tukahesabu pamoja miezi mitatu kutoka siku aliyotoka hospitali. Nikamwambia achukue kalamu aandike yeye mwenyewe ile tarehe, pale palipoachwa patupu. Hakuwa na kalamu. Akaandika na mkaa.

Siku hiyo ikifika nitakuwa kwa hiyo foleni pamoja nao. Nimeiandika kwa simu, nimeiandika ukutani, na nimemwambia rafiki yangu wa sekondari anipigie siku moja kabla, juu mnajua kichwa changu. Na wale mnaoniambia nirudi chuo, labda nitarudi. Lakini nikirudi, nitataka mtu akae na mimi anisomee kwa sauti, na safari hii sitaona haya kuomba.